Mama Godoro na Watu Wasiolala

Zamani mtu akikosa usingizi godoro lake lilimsema na watu wakamjia. Siku hizi godoro la sponji linafura kabla mwenyewe hajavaa viatu, na mtu anaweza kuoza moyo miaka mitatu jirani asijue.

Nasema hivi kwa sababu nilifanya kazi ukuta mmoja na mwanamke aliyeyasoma magodoro. Mimi nilitengeneza redio, yeye alishona magodoro ya sufi, na kati ya vibanda vyetu palikuwa na ubao mwembamba tu. Akipiga chafya, skrubu zangu zilihama meza. Tulimwita Mama Godoro. Hakujaliwa mtoto, na mtu akimwuliza umama kautoa wapi alijibu, "Wote mnalala juu ya kazi yangu. Kama si wanangu, ni nini?"

Wasiojua niwaeleze. Sufi hushikamana. Kila mwaka godoro lilifumuliwa, sufi ikamwagwa mkekani, ikachambuliwa kwa vidole bonge kwa bonge, ikaanikwa juani, kisha ikarudishwa. Kabla ya kukata uzi wa kwanza Mama Godoro alilaza kiganja juu ya kitambaa na kusema, "Mungu, aliyelalia hili mpe usingizi." Halafu akalipapasa. Godoro la mtu anayelala huzama katikati. La yule anayeamka saa nane akakaa kitako mpaka kukuche huzama ukingoni, mahali pamoja, kama kiti.

Akiukuta ukingo wa namna hiyo hakumhoji mtu. Alimwambia tu mwenye godoro, "Kazi hii nzito, njoo unisaidie kuchambua." Mtu akaja, akaketi, sufi ikamjaa nywele mpaka akafanana na kifaranga. Mikono ikiwa na kazi na macho yakitazama chini, mdomo hujifungua wenyewe. Nimesikia mengi kupitia ule ubao, na sitayaandika. Sheria yake ilikuwa moja: lililosemwa na godoro halitoki kibandani.

Siku hizi kuna karatasi zimebandikwa ukutani, zina picha ya mtu anatabasamu: ukilemewa na mawazo, piga namba hii. Mimi nimepiga. Niliambiwa nibonyeze mbili.

Mama Godoro alikuwa na mdogo wake, dereva wa treni, nasi tukamwita Dereva hata alipokuwa kwa miguu. Mtu wa mizaha, hapiti mlangoni kwangu bila kuuliza kama redio zangu zimeshaanza kusema ukweli. Asubuhi moja mtu alisimama relini akamtazama machoni, na treni haina pa kukwepea. Wakubwa wake walimpa mapumziko ya wiki tatu na barua ya kusema hana kosa. Aliikunja barua, akaitia mfukoni, akanyamaza. Alinyamaza miezi minne, nyumbani kwa kaka yao mkubwa, mwenye duka la vifaa vya ujenzi, bwana ambaye suruali yake haikuwahi kukosa mstari wa pasi.

Kaka huyo ndiye aliyeleta godoro la Dereva lifumuliwe. Nilisikia dua ya Mama Godoro, lakini sikusikia mkasi ukikata uzi. Nikachungulia. Ukingo ulikuwa umebonyea mpaka kitambaa cha juu kimegusana na cha chini. Aliangusha sindano, akatoka, kibanda akakiacha wazi. Alirudi amemshika mdogo wake mkono, mwanamume wa miaka arobaini, kama anampeleka darasa la kwanza.

"Fundi redio," aliniambia, "punguza sauti. Nina mgeni."

Asije mtu akaniambia alidharau dawa. Dereva alipewa vidonge hospitali, na dada yake alimpa kwa saa yake, juu ya uji, bila kukosa. Lakini alisema, "Vidonge vinashika kichwa. Sasa huyu ni kichwa tu? Ana tumbo, ana mikono, ana roho, ana ndugu. Ukitibu kimoja, vingine umeviacha nje ya mlango." Basi alimwamsha alfajiri wakatembea. Alimlazimisha kuoga, kwa maneno makali. Wakasali pamoja, yeye kwa sauti, Dereva kwa midomo tu. Kisha sufi, mpaka jioni. Hakumuuliza kitu.

Siku ya kumi na tisa, Dereva alisema, "Alivaa viatu vipya."

Vidole vya dada yake havikusimama. "Rangi gani?"

"Kahawia."

Kisha akalia. Nilisahau chuma cha kulehemu mkononi mpaka kikatoboa meza. Ninayo meza hiyo hadi leo.

Ndugu wasomaji, mtaa haukufurahi. Walisema kuna kichaa kwenye sufi, magodoro yatatoka na wazimu ndani. Maneno yakafika dukani kwa kaka, wateja wakaanza kumpa pole za kejeli. Mchana mmoja alikuja na pikapu, vibarua wawili na kamba.

"Mtoe," alisema. "Nimeshaongea na mganga. Miezi sita kwake, anarudi mzima."

"Kule wanakofunga watu minyororo?"

"Wanafungwa wanaosumbua."

"Mdogo wako kamsumbua nani, kaka? Sufi?"

Watu walishaanza kujaa, wakacheka. Kaka akawaka. "Usinivunjie heshima barabarani! Baba hayupo, mimi ndiye baba yenu."

"Baba gani anakuja na kamba?"

"Ana shetani huyo!"

"Ana maiti mbele ya macho yake. Ungeona alichoona ukarudi nyumbani unacheka, hapo ndipo ningekutafutia mganga."

Kaka akawapa ishara wale vibarua. Mama Godoro akaketi kizingitini, akanyoosha miguu barabarani, sindano yake ndefu mapajani. "Piteni juu yangu," alisema. "Ila mjue mimi hushona chochote kinachonilalia." Kibarua mmoja akarudi nyuma hatua mbili, akajifanya anaangalia tairi. Ndani, Dereva aliendelea kuchambua, sufi ikimpeperukia usoni.

Kaka akainama kumvuta dada yake mkono. Hapo dada akamwambia kwa sauti ndogo, nami nikasikia kwa kuwa nilisimama mlangoni kwangu, hatua moja tu kutoka kwao: "Kaka. Na lako nililifumua mimi. Mwaka jana, mwezi wa mvua."

Sijawahi kuona uso wa mtu ukimwagika vile. Alimwachia mkono. Alisimama akajipangusa suruali, na kila alipojipangusa sufi ilizidi kumganda. "Twendeni," aliwaambia vibarua. Kamba waliisahau pale.

Ningependa kuandika kwamba aliketi mkekani. Hakuketi. Alikaa miezi kumi na minne hamsalimii dada yake, na wakikutana njiani alivuka upande wa pili.

Mama Godoro naye hakujisifu. Jioni ile aliniambia kupitia ubao, "Fundi, nimetumia godoro la mtu kama fimbo."

"Ulilazimika."

"Usinitetee. Ni kosa, na nitalijibu kwa Mungu. Lakini wakija kesho na kamba, nitalirudia."

Dereva hakurudi kwenye treni. Alijifunza kushona, mshono wake ukapinda kidogo kushoto, na ziko wiki alizorudi kimya akageukia ukuta. Wapo wanaosema basi hakupona. Mimi nawauliza: alilala, alikula, alisali, aliniambia redio zangu zinaongopa kuliko mahakama, nyie hiyo mnaiitaje? Mnataka mtu aliyepigwa pasi? Huyo tulikuwa naye, na mmeona alivyokosa usingizi.

Kisha sponji ikaja. Nyepesi, rahisi, haihitaji kufumuliwa wala kuombewa. Mti wa mwisho wa msufi niliokuwa naujua ulikatwa ili gari zipate pa kuegesha. Kibandani kwa Mama Godoro leo wanauza vifuniko vya simu, na muuzaji hajui jina langu, ingawa tunapumua hewa moja mwaka wa tisa.

Mara ya mwisho niliwaona hospitali. Mimi nilikwenda kwa ajili ya goti. Walikuwa wameketi benchi moja nje ya mlango wa daktari wa akili, wote watatu: Mama Godoro na fimbo, Dereva na mvi, na katikati yao kaka mkubwa, suruali imekunjamana, kadi ya hospitali mkononi, anaishika kama inaweza kumuuma. Niliwaamkia. Kaka aliitikia akitazama sakafu.

Muuguzi akafungua mlango. "Mgonjwa ni nani kati yenu?"

"Wewe umeambiwa uite wangapi?" akauliza Mama Godoro.

"Mmoja, mama. Daktari anaona mmoja mmoja."

"Sisi hatupo mmoja mmoja."

"Mama, mle ndani kuna kiti kimoja tu."

"Atakaa kaka. Sisi tumezoea chini."

Dereva akamshika kaka yake kiwiko, taratibu, akamnyanyua. Wakaingia wote watatu, mlango ukafungwa. Jina langu liliitwa baada ya saa nzima, na walikuwa bado hawajatoka.