Vitufe vya Nestori

Mwanangu, kila nikikuona umekaa mbele ya kompyuta unachanganya sauti za nyimbo, nakumbuka siku niliyokwenda Katumba na daftari mfukoni na kijicho moyoni. Ilikuwa miaka ya tisini, nami nilikuwa kijana wa Majengo mwenye mashine ya kaseti ya njia nne, aliyoniachia mjomba. Kiongozi anarekodiwa kwenye njia yake, waitikiaji kwenye zao, halafu wewe ndiye unayeamua nani asikike mbele na nani nyuma. Upande wetu wote niliwajua watu wawili tu wenye mashine kama ile. Wa pili alikuwa Nestori, mkulima wa tumbaku wa Katumba, na jina lake tu lilitosha kuniharibia chakula.

Kanda zake zilikuwa safi. Ukizipiga hata kwenye redio mbovu ulisikia kila neno. Zangu zilisikika kama watu wanaimba ndani ya pipa. Kwaya zilizozoea kunipigia hodi zikaanza kupanda baiskeli kwenda kwake, na mimi nikikutana na wanakwaya sokoni nawauliza habari za watoto huku roho inaniuma. Nilijidanganya kwamba ana mashine bora. Kumbe yangu ndiyo ilikuwa mpya zaidi, na hilo ndilo lililonichoma.

Ndipo akaja Veronika, kiongozi wa kwaya moja ya Misunkumilo, mama mwenye sauti nzito ya chini. Mumewe alikuwa amepata kazi mbali, na Jumatatu walikuwa wanaondoka kwa treni. Mama yake mzazi, mzee asiyeona, alikuwa anabaki, na Veronika alitaka kumwachia kanda ya nyimbo anazozipenda. Alhamisi niliwarekodi vizuri kabisa. Ilibaki kuchanganya na kuongeza kinanda tu, na hapo nikaingiwa na hofu kwamba watu watailinganisha na kazi ya Nestori.

Ijumaa nikaenda Katumba, nikajifanya napita kusalimia. Nestori akanikaribisha, akatoka kuniletea uji. Nikainama juu ya mashine yake nikaandika kila kitufe kilipoelekea: besi hapa, sauti za juu pale, mwangwi hivi. Uji wake nikaunywa wote, nikaaga.

Jumamosi nikazungusha vitufe vyangu kama daftari lilivyosema. Sikusikiliza sana, maana nilishaamini. Nikaunganisha sauti zote kwenye njia moja, nikafuta zile za mwanzo ili nipate pa kurekodi kinanda. Ndivyo tulivyofanya, njia zilikuwa nne tu, na ukishafuta umefuta. Sasa sikia: Nestori alikuwa amepunguza besi kwa sababu kwaya aliyokuwa akiirekodi ilikuwa na ngoma kubwa zilizofunika waimbaji. Veronika hakuwa na ngoma. Alikuwa na ile sauti yake nzito, na hiyo ndiyo niliyoipunguza.

Jumatatu nikaipeleka kanda stesheni. Veronika akanishukuru, akamkabidhi mama yake, treni ikaondoka. Nikamsindikiza yule mzee mpaka nyumbani, nikamwekea kanda kwenye redio. Alisikiliza wimbo mzima ametulia, mikono mapajani.

"Baba, huyu anayeimba ni nani?" akaniuliza.

Nikamwambia ni Veronika.

"Basi masikio nayo yameanza kuniacha," akasema.

Nikamwacha mzee asiyeona alaumu masikio yake kwa kosa langu.

Siku tatu sikula vizuri. Ya nne nikapanda baiskeli, nikamweleza Nestori kila kitu. Hakunikasirikia, na hilo liliniuma kuliko matusi.

"Umeandika vitufe vilipoishia," akasema. "Si ungeniuliza tu nilifikaje pale, ndugu yangu?"

Akanichukua mpaka bandani kwake, ambako wanawake walikuwa wanafunga majani ya tumbaku kwenye fito. Akawasha redio ndogo, akaweka wimbo wa kwaya aliyoirekodi, asiseme kitu. Alikuwa anatazama midomo ya wale wanawake. Walipoitikia maneno sawasawa, alitulia. Walipoguna tu bila maneno, akaandika mahali penyewe, ajue hapo neno halisikiki. Akaniambia kwamba nyumbani huanza na sauti ya kiongozi peke yake, akapandisha wengine mmoja mmoja, akalala, akasikiliza tena asubuhi. Hafuti njia hata moja kabla ya hapo. Nikamwonea wivu upya, maana watu wa kuwajaribia wimbo hata mimi nilikuwa nao.

Kutoka pale nilikwenda moja kwa moja Misunkumilo, nikamwambia yule mzee, mama yake Veronika, kwamba masikio yake ni mazima, mimi ndiye niliyemharibia sauti ya mwanawe. Akaniomba nimsaidie kuitoa kanda redioni, kwani hakutaka kuisikia tena.

Mwanangu, wivu utakupata. Mimi bado unanipata, hata wewe juzi nilikuonea. Ukikujia, nenda kwa huyo unayemwonea ukamuulize anaanzia wapi, kisha urudi kwako utafute mwanzo wako, kwa sauti ulizopewa wewe. Na usifute kitu cha mtu kabla hujakisikiliza ukaridhika. Mungu akujalie masikio yanayotulia, na akuepushe na siku ya kumfanya mama asimtambue mwanawe.