Jalada la Kiberiti la Verlin Stamper

Hadi anakufa, Verlin Stamper hakuacha kutembea na kiberiti mfukoni, ingawa sigara alikwisha kuziacha zamani, mwaka ule daktari alipomwonyesha picha ya mapafu yake. Kilikuwa kile kiberiti cha karatasi ngumu iliyokunjwa, wanachokupa bure ukimaliza kula mkahawani. Kilikaa katika mfuko wa shati, upande wa kushoto, na njiti zake hazikuguswa. Alichotaka yeye ni jalada. Unene wa jalada lile, alikuwa akisema, Mungu mwenyewe aliupimia platini za gari la Pontiac.

Siku za kufua, Neda mkewe alikitoa kiberiti kwanza, akakiweka juu ya mashine. Verlin alipita akakichukua bila neno, kama mtu anayechukua miwani yake.

Platini ni vipande viwili vya chuma, vidogo kama punje za dengu, vinavyokaa ndani ya distributa, sehemu ya injini inayogawa umeme, na kufunguka na kufunga ili cheche ifike kwenye plagi. Nafasi kati yao ikiwa sawa, gari linaimba. Ikiwa finyu, gari huwaka vizuri tu asubuhi, likaenda mwendo, kisha likaanza kukohoa na kuzima. Kila baridi ilipokwisha, Verlin aliinama juu ya injini, akachomeka jalada la kiberiti katikati ya vipande hivyo, akazungusha skrubu, halafu akalivuta jalada taratibu huku amefumba macho. "Washa, bibie," alisema. Neda aliwasha, na kikombe cha kahawa kilichokuwa juu ya benchi kikatetemeka.

Gari lenyewe lilikuwa la Neda. Inafaa hilo lisemwe, kwa sababu mtaa mzima ulikwisha kulisahau. Alilinunua mwaka 1966, kabla hajamjua Verlin, kwa mshahara wa kushona viti kiwandani pale pale mjini Pontiac, Michigan, yalikoundwa magari hayo. GTO ya buluu, injini kubwa, gia nne za mkono. Msimamizi wake alicheka. "Binti, hilo ni gari la kushindania, siyo la kwendea kanisani." Neda akamjibu kwamba kanisani ndiko alikokuwa akichelewa. Kiangazi kile barabara ya Woodward ilimjua. Vijana waliosimama naye kwenye taa nyekundu walimtazama wakatabasamu; ikija ya kijani, walibaki kutazama taa zake za nyuma.

Verlin alikuja baadaye. Alitoka milima ile ile ya Kentucky alikotoka Neda, akapanda kaskazini kutafuta kazi kama nusu ya watu wa mtaa wao. Alikuwa mtu mpole. Aliwatengenezea wajane mashine za kukatia nyasi na hakuchukua kitu. Theluji ikianguka, aliamka mapema akaisafisha njia ya jirani kabla jirani hajafungua mapazia. Walipooana alimwambia Neda, "Wewe endesha. Kilicho chini ya boneti niachie mimi." Neda aliyapokea maneno hayo kama mapenzi, na kwa miaka mingi hakuwa na sababu ya kuyapokea vingine.

Ila gari lilikuwa na tabia yake. Wakiwa wawili, kwenda ziwani au kwenye maonyesho, halikuzima hata siku moja. Neda akilichukua peke yake kwenda mbali, lilimwangusha. Lilimwangusha njia ya Flint, akienda kumwona rafiki aliyejifungua. Lilimwangusha nje ya Toledo. Baya kuliko yote, lilimwangusha Lima, Ohio, siku aliyokuwa akikimbilia Kentucky kwa mama yake aliyekuwa mahututi. Alipiga simu kutoka kituo cha mafuta, akangoja. Verlin akafika na pikapu, akainama, akachomeka jalada, gari likawaka.

"Platini zimelika, bibie," alisema. "Hivi hivi milima ile huifikii. Turudi nyumbani, tutapanga upya."

Walirudi, na mama alifariki kabla hawajapanga chochote. Verlin mwenyewe alikuwa amegombana na ndugu wa Neda, Kentucky hakanyagi. Tangu hapo Neda alijihesabu miongoni mwa watu wasiofaa kwa safari ndefu. Na kila Verlin alipomwona anashika ufunguo, alimwambia maneno yale yale, kwa sauti ile ile ya chini: "Ukikwama, nipigie."

Mwezi wa Mei, 1993, Orpha alipiga simu. Alikuwa dada yake Neda, mkubwa, na ndiye pekee aliyebaki kule milimani. Kati ya neno na neno alivuta pumzi kama mtu anayepanda ngazi.

"Mdogo wangu, njoo wakati bado naweza kusimama jikoni nikakupikia maharage. Ukingoja sana, utakuta majirani ndio wanapika."

"Nakuja, dada."

"Na hilo gari lako la kukwama?"

"Nitalifanyia dawa."

Jioni ile mezani alimwambia Verlin kwamba anataka kuzitoa platini na kuweka mfumo wa elektroniki wa kutoa cheche. Verlin aliweka uma chini.

"Elektroniki? Hiyo ikifa njiani, imekufa. Platini hata ukiwa porini unazitengeneza kwa kiberiti."

"Mimi sijui kutengeneza kwa kiberiti, Verlin."

"Mimi najua. Kwani mimi niko wapi?"

Jumamosi wenye magari ya zamani walikuwa na desturi ya kukutana kwenye uwanja nyuma ya duka la maandazi, boneti zote wazi, kila mtu na kahawa yake. Siku hiyo mgongo ulimshika Verlin, Neda akaenda peke yake. Kwenye taa ya mwisho kabla ya uwanja, gari likaanza kukohoa. Buford Trusty, rafiki wa Verlin tangu kiwandani, alilisikia kwa mbali.

"Shemeji!" alipaza sauti. "Leo utarudi kwa magurudumu au kwa kamba?"

"Kamba ninayo, Buford, lakini nimekuwekea wewe shingoni."

Wanaume walicheka. Neda akapita moja kwa moja hadi kwenye meza ya Delphine Okray, mjane mwenye sauti ya mkwaruzo aliyeachiwa na mumewe duka la vipuri na akalijua kuliko mumewe. Neda alimweleza shida yake. Delphine akachukua bisibisi.

"Kabla hujanunua dawa, tumwone mgonjwa."

Alifungua vishikizo viwili, akainua kofia ya distributa. Akapitisha kidole kwenye mhimili wa katikati, akamwonyesha Neda. Kidole kilitoka kikavu.

"Nani anakutengenezea hili gari?"

"Mume wangu."

"Verlin?" Delphine alitazama tena. "Tazama hapa, mwenzangu. Huu mhimili una kona nane, na kiguu hiki kidogo kinasugua juu yake. Kisipopakwa grisi kinalika, nafasi inakuwa finyu, gari linazima. Na nafasi yenyewe haipitishi hata karatasi ya kusokotea sigara. Platini ni mpya kabisa. Hazijachakaa. Zimewekwa hivi."

"Labda amesahau."

"Verlin Stamper? Yule anayepaka grisi bawaba za mlango wa kanisa bila kutumwa?"

Neda aliitazama meza ya vipuri. Alisikia wanaume wakicheka nyuma yake, jambo jingine kabisa, na akahisi kwamba wanamcheka yeye.

"Nionyeshe vya kuchagua," alisema mwishowe.

Delphine alimpangia mezani. Kwanza platini nzuri zaidi na kondensa mpya ya kwenda nazo, kwa mtu anayependa mambo yabaki kama zamani. Pili distributa nzima ya magari yaliyokuja baadaye, nene kama chungu, koili yake ya kukuza umeme iko kichwani. Cheche yake kali, lakini mtu akifungua boneti ndiyo anayoiona kwanza. Tatu kifaa kidogo cheusi kisichozidi dole gumba, na pete yenye sumaku, vyote vinafichika chini ya kofia ile ile ya zamani.

"Wengi wanauliza ipi ina nguvu," Delphine alisema.

"Ipi haina skrubu?"

Delphine alimtazama, akaelewa. "Hii ndogo. Imefungwa, haina cha kukaza wala kulegeza. Ila akitaka bado atang'oa waya."

Neda alikipima kile kifaa kiganjani. Waya uliong'olewa unaonekana. Hakuna mtu atakayekuja na pikapu hadi Lima, aone waya uliong'olewa, aseme umelika. Akakinunua, akakitia kwenye mkoba chini ya leso. Delphine akazirekebisha platini kwa muda, akapaka grisi, akamfundisha Neda kuizungusha injini kidogo kidogo mpaka kiguu kikae juu ya kona, ndipo apime.

Siku chache zilipita. Neda alisema mezani kwamba kesho anakwenda Flint, peke yake. Verlin alisema ni vizuri, hali ya hewa itakuwa nzuri. Asubuhi, Neda akiosha kikaango, aliona kupitia dirisha la jikoni mlango wa gereji uko wazi, boneti imeinuliwa, na mgongo wa mumewe umeinama. Mgongo haukuwa ukimwuma. Alikuwa akipiga mluzi, wimbo wa kanisani.

Alipokwenda kuoga, shati lake lilibaki kwenye kiti. Neda alikitoa kiberiti, akaenda gereji. Aliinua kofia. Alizungusha injini kama alivyofundishwa. Grisi ya Delphine ilikuwa imefutwa, na kitambaa kilichoifuta kilikuwa juu ya benchi, bado kibichi. Akachomeka jalada la kiberiti katikati ya platini. Halikupita. Alijaribu tena kwa upole, akitamani kwamba amekosea. Halikupita.

Hakuwaza Flint, wala Toledo. Aliwaza Lima, kile kituo cha mafuta, na jinsi alivyoiona pikapu ikiingia akaikimbilia kama mtoto. Alimlilia Verlin kifuani, na alikumbuka kitu kigumu cha pembe nne kikimbonyeza shavuni. Alikumbuka pia kwamba kitu hicho kilimtuliza.

Alikirudisha kiberiti mfukoni. Flint hakwenda, alisema kichwa kinamwuma.

Verlin alipokwenda kunyolewa, Delphine alikuja na mfuko wa zana. Walifanya kazi mlango ukiwa wazi. Platini zilitoka, kifaa kikaingia mahali pake, pete ya sumaku ikavishwa kwenye mhimili. Neda alitaka kuunga waya mwekundu pale pale ulipokuwa ule wa zamani, Delphine akamshika mkono.

"Hapo sipo. Waya huo unapunguza nguvu ya umeme, na platini ndivyo zinavyotaka. Hiki kinataka nguvu yote. Ukikiunga hapo kitawaka vizuri, kisha kitakufia njiani, na utamlaumu mtu asiye na kosa."

"Angalau mara moja," Neda alisema. Wakacheka mpaka Delphine akashika ubavu wa gari asianguke, na Neda alipomaliza kucheka alikuta uso wake umelowa.

Walivuta waya mpya kutoka kwenye fyuzi.

Asubuhi ya safari, sanduku lilikuwa tayari kwenye kiti cha nyuma. Verlin alitoka akifuta mikono ambayo haikuwa na uchafu.

"Ngoja niliangalie kidogo, bibie. Njia ni ndefu."

Neda hakumzuia. Verlin alifungua boneti, akainua kofia.

"Nani kafanya hivi?"

"Mimi."

"Neda, wewe hujui mambo ya..."

"Nilipima kwa kiberiti chako, Verlin. Asubuhi ile ya Flint. Jalada halikupita."

Ndege walikuwa wakipiga kelele kwenye mti wa jirani. Verlin aliirudisha kofia, akakaza kishikizo kimoja, akakaza cha pili.

"Na Lima?" Neda aliuliza.

"Sikujua kama angekufa upesi vile."

Hakukana hata kidogo. Neda alikuwa amejiandalia la kuujibu uongo wake, na sasa jibu lile halikuwa na pa kwenda.

"Kwa nini?"

Verlin alitazama sakafu yenye madoa ya mafuta ya miaka yote ile. "Kila nilipokuja kukuchukua," alisema, "ulifurahi kuniona."

Lilikuwa kweli. Hilo ndilo Neda hakuweza kumsamehe: kwamba furaha ile ilikuwa yake, ya dhati, na Verlin alikuwa akiivuna kama mtu anayejua bustani ilipo.

Gari lilimfikisha. Lilipita Toledo, likapita Lima bila kukohoa, na kabla ya magharibi lilipanda bonde la Orpha. Orpha alikuwa amesimama jikoni, ameshikilia ukingo wa jiko, na maharage yalikuwa tayari. Aliishi kiangazi chote. Verlin alipiga simu kule mara kadhaa. Neda alitikisa kichwa, na Orpha akasema yuko bustanini. Mwezi wa Agosti aliyepiga alikuwa Buford. Alimkuta Verlin gereji, ameketi kwenye kiti chake kifupi, moyo umesimama, kiberiti mfukoni. Neda aliendesha mpaka Pontiac akamzika, watu wote wa mtaa wakamwambia amepoteza mume wa namna ambayo haizaliwi tena, akawashukuru. Kisha akarudi kwa dada yake. Mkoba wa Verlin wa zana alimpa Buford.

Kwa hiyo maneno ya mwisho aliyoambiwa na mumewe ni ya asubuhi ile ya Mei. Neda aliingia garini akazungusha ufunguo. Injini ilishika papo hapo, kabla kidole hakijalegea. Verlin alikuwa kando ya dirisha. Mkono wake ulikwenda mfukoni, upande wa kushoto, ukasimama, ukashuka. Akainama ili asikike juu ya ngurumo.

"Na ukikwama, Neda," aliuliza, "utampigia nani?"