Kitambaa cha Mapajani

Asubuhi ya mwisho tuliyokuwa watu wa kawaida, mke wangu alikunywa chai amesimama. Ndivyo alivyokuwa. Alisema akikaa, mgongo unamkumbusha uzee. Mimi nilikuwa mlangoni nakigongea msumari kiti chake cha kusukia, kwa maana kilikuwa kimeanza kulia. Binti yetu alikuwa amembeba mtoto wake mgongoni. Mteja wa kwanza alishafika, anajifumua nywele mwenyewe ili kazi iende haraka.

Mke wangu akajikuna ndani ya paja.

"Mbu gani huyu anauma mpaka huku?" akasema. "Hana adabu."

"Labda ni wa kiume," nikasema.

"Wa kiume wa nyumba hii namjua. Siku hizi hafiki huko, anaishia kukoroma."

Mteja alicheka mpaka kitana kikamdondoka. Binti akasema, "Mama jamani, mimi nipo hapa!" Nami nikagonga msumari wangu. Asubuhi yenyewe ndiyo hiyo. Sikujua kama ni ya kuwekwa moyoni.

Alikuwa msusi. Watu walimwita Vidole. Chumba chetu cha mbele ndicho kilichokuwa saluni: kioo kimoja, benchi la wanaosubiri, na kiti kile. Yeye anakaa kitini, mteja anakaa chini kwenye mkeka, katikati ya magoti yake, kichwa amekilaza pajani. Alisema kichwa kisipolala, mkono hauoni. Wengi walisinzia hapo. Wengine walilia hapo, mambo ya nyumbani kwao, naye akawa anasuka tu. Mapajani alitandika kitambaa cha bluu. Kitambaa hicho kimoja kilipokea vichwa vyote vya siku. Jioni alikikung'uta nywele. Kikichafuka alikifua kwa maji baridi, akakianika nyuma ya mlango, maana nje kuna vumbi. Na asubuhi, kabla ya wateja, juu ya kitambaa hicho hicho alimlaza mjukuu wetu, mtoto ambaye hajaanza hata kukaa, akampaka mafuta na kumwita "mume wangu".

"Huyu ndiye mume," aliniambia. "Wewe ulikuwa mazoezi."

Mbu hakuwa mbu. Palivimba, pakawa pa moto, pakatokea kichwa. Jipu. Naye majipu hakuyaogopa. Akashusha kopo la dawa kutoka juu ya kabati. Nyumba yetu haikutupa dawa. Mtu akijisikia mzima anaacha kumeza, na vinavyobaki vinaingia koponi kumngojea mgonjwa mwingine. Binti akachungulia.

"Mama, hizo si za jino la baba?"

"Jino na paja, mwili mmoja."

"Mwili wako na wa baba?"

"Tulifunga ndoa, au hukuambiwa?"

Akameza mbili. Maumivu yakalegea kidogo, akafunga kopo. Kisha akachukua sindano yake ya kushonea nywele, akaipitisha kwenye moto, akalitoboa jipu, akalikamua mpaka machozi yakamtoka. Akajifuta kwa kitambaa cha bluu kwa sababu ndicho kilichokuwa karibu. Akakigeuza upande wa pili, akaita mteja anayefuata.

Kesho yake alitetemeka mchana kweupe, jua linawaka. Paja lilikuwa gumu kama ubao, na ukilisogelea unasikia joto lake. Alijaribu kuinuka akashika ukuta. Nikamwambia twende hospitali. Hakubisha. Hapo ndipo nilipoogopa, kwa sababu tangu nimwoe hajawahi kunikubalia neno bila kubisha.

Hospitali walimpasua, wakauchukua usaha kuupeleka maabara. Wakamtundikia dripu ya dawa. Homa haikushuka. Majibu yaliporudi, muuguzi alivaa glavu mpya kwanza, ndipo akatusalimia.

"Bibi, mdudu wako anaitwa stafilokokasi."

"Jina refu hivyo, na mwenyewe haonekani?"

"Wengi wetu tunaye, puani na kwenye ngozi, wala hatuumwi. Akipata mchubuko ndipo anaingia. Ila huyu wako ni sugu. Dawa tulizozoea hazimtishi. Kuna kitu ulimeza nyumbani?"

Mke wangu akasema habari za kopo. Muuguzi hakumgombeza. Alisema huenda mdudu alikuja na ukaidi wake kutoka kwa mtu mwingine, hilo hakuna wa kulijua. Lakini ndivyo ukaidi unavyozaliwa: dawa ikimezwa ovyo, ya mtu mwingine, ya ugonjwa mwingine, wanakufa wadudu dhaifu, wanabaki wakaidi, na wakaidi ndio wanaozaa. Wakishazaa wanahamia kwa wengine, kwa mikono, kwa taulo, kwa wembe mmoja.

"Unafanya kazi gani, bibi?"

"Nasuka." Akaonyesha kwa mikono: kichwa hapa, paja hapa. Mikono ikasimama hewani. Nilimwona anavyolifikia jibu mwenyewe kabla hajaambiwa. "Kitambaa," akasema.

"Nyumbani kuna mtoto mdogo?"

Alinigeukia mimi.

"Mzee, kimbia. Mvue mtoto nguo zote. Mtazame shingoni, makwapani, ndani ya nepi. Mwambie mama yake asikamue kitu. Asimpe kitu cha kopo. Umesikia? Kimbia na hayo hayo magoti yako."

Nilikimbia. Nilipita kwa mafundi wa magari, nikapita kwa mashine ya kusaga, watu wakaniita kunisalimia nisiitike. Mzee akikimbia mjini watu hudhani ameibiwa. Mmoja aliniuliza, "Wamekimbilia wapi?" Nikampita.

Nilimkuta binti kwenye kiti cha mama yake. Mteja katikati ya magoti, kitambaa cha bluu mapajani. Mtoto alikuwa kwenye benchi, analia ile sauti nyembamba ya mtoto aliyekwisha kuchoka kulia. Na kopo lilikuwa wazi. Binti alikuwa amekata kidonge, anakiponda kwenye kijiko.

"Ana kipele shingoni, baba, na mwili una joto. Nampa kidogo tu kabla..."

"Weka chini."

"Ni robo, baba! Robo tu!"

"Weka chini. Mama yako anaungua kwa kopo hilo."

Akaweka. Kijiko kiligonga benchi. Nikamvua mtoto. Kwenye mkunjo wa shingo, pale bibi yake alipokuwa anampaka mafuta, palikuwa na uvimbe kama punje ya hindi, ncha yake nyeupe. Binti alipeleka kidole, nikaushika mkono wake.

Mteja naye alikuwa ameinuka, kiganja kisogoni. "Na mimi je?" akauliza.

"Ukaoge kwa sabuni," nikamwambia. "Ukiona kidonda au jipu, usiliguse, nenda hospitali."

Alitoka nusu ya kichwa kimesukwa, nusu kimesimama wima. Hakuna aliyecheka.

Mtoto alilazwa wodi ya watoto, ng'ambo ya ua. Walilipasua lile jipu dogo, wakachukua usaha, tukaanza kungoja. Mke wangu alikataa katakata mtoto kuletwa karibu naye. Hata dirishani. Alisema akimwona atataka kumshika.

Homa yake ilikuwa inapanda, lakini ulimi ulikuwa bado wake. Alinipa kazi nisizowahi kuzifanya. Vitambaa, taulo, mashuka, vyote vichemshwe, vikaanikwe juani. Kila mtu na taulo yake. Vitana vioshwe kwa sabuni kila kichwa kimoja kikitoka. Kidonda kifunikwe, na mwenye kidonda asikae mkekani mpaka kipone. Mikono, mikono, mikono. Kopo nilipeleke kwa mfamasia wa hospitali, nisilimwage jalalani. Jirani alinikuta uani napuliza moto chini ya sufuria la mashuka.

"Mzee, umekuwa dobi?"

"Nimepanda cheo," nikasema. Kisha nikageukia moshi, kwa sababu macho yalikuwa yananiuma.

Kazi ngumu kuliko zote alimpa binti. Awaambie wateja wote. Kila mmoja, kwa mdomo, bila kuficha.

"Watatukimbia, mama."

"Wakimbie wakiwa wazima."

Binti alizunguka. Wengine walimfungia mlango. Mmoja alimtukana barabarani. Lakini mshonaji wa nguo, mtu wetu wa kila mara, alifungua kilemba chake akamwonyesha kidonda kisogoni. Alikuwa anakificha kwa aibu. Kama yeye ndiye aliyemleta mdudu kwetu au alimchukua kwetu, hatukujua. Walikwenda hospitali pamoja, wameshikana mkono, halafu muuguzi akawatuma wote wawili wakanawe.

Siku hizo mdudu aliingia kwenye damu. Daktari alinieleza kwenye korido, polepole, kama mtu anayeshusha mzigo wa vyombo. Walibadilisha dawa, wakaleta ile ambayo majibu yalisema inamweza. Alisema imeingia, lakini imechelewa, mdudu ameshatangulia. Nilirudi kitandani. Mke wangu alikuwa amefumba macho.

"Mume wangu anaendeleaje?" akauliza.

Nikamwambia mtoto bado ana homa. Hakuuliza tena siku hiyo. Alikuwa anavuta pumzi kana kwamba anapanda ngazi, na kila mlango wa wodi ulipolia alifumbua macho, akaona si habari, akafumba.

Majibu ya mtoto yalikuja: mdudu ni yule yule. Binti alikaa chini sakafuni. Muuguzi akamwinua, akamwambia kipele kiliwahiwa kikiwa kidogo, hakijakamuliwa, hakijachezewa kwa vidonge vya kopo, na dawa inayomfaa ipo. Atapewa mpaka ya mwisho hata akionekana mzima. Tukangoja tena. Nilikuwa natembea kutoka wodi hii kwenda ile, nanawa mikono mlango huu, nanawa mlango ule, mpaka ngozi ya vidole ikapasuka.

Mke wangu hakutoka hospitali ile. Hilo nimelisema sasa, sitalirudia. Lakini alikuwa bado anasikia, bado anasema, siku niliyoingia wodini kwake bila kubisha hodi. Muuguzi alinirudisha nikanawe kwanza. Nikanawa. Nikasimama miguuni pa kitanda.

"Homa ya mtoto imeshuka," nikasema. "Shingo imekauka. Ananyonya mpaka mama yake analalamika."

"Umemwona mwenyewe? Si wamekuambia tu?"

"Nimemwona. Amenikojolea."

Alitazama shati langu, akaliona doa. Mwili wote ukamlegea, mabega yakashuka kwenye mto. Akacheka kidogo, kicheko kisicho na sauti. Halafu akasema:

"Haya. Sasa niacheni niumwe kwa raha zangu."