Kitambaa Juu ya Televisheni

Kwa miaka yote niliyoigiza, jukwaani na baadaye kwenye tamthilia za televisheni, nilitaka sifa ya mtu mmoja tu: mama yangu mzazi, mkulima wa mahindi kule Maposeni. Sifa za wengine nilizipokea, sikatai, na kujidai nilijidai. Lakini nikipiga simu nyumbani kuuliza kama ameniona jana, jibu lilikuwa lile lile.

"Mwanangu, nitoke shamba na uchovu wangu nije kutazama watu wazima wanadanganyana?"

Kisha anauliza kama nimekula.

Televisheni nilimnunulia mwenyewe. Kila nilipokuja kumsalimia niliikuta imefunikwa kitambaa cha kufuma, na juu ya kitambaa ua la plastiki. Nilikasirika. Mimi hasira zangu ziko karibu, siwezi kuficha. Nikamwambia basi aiuze anunue mbolea. Akacheka, akaniongezea ugali.

Niliporudi Songea kufundisha uigizaji, wenzangu wa Dar walisema nimeishiwa. Waseme. Nilikodi ukumbi mdogo, nikapata wanafunzi, vijana wenye aibu mpaka basi. Siku ya kwanza niliwaambia: usimwigize mtu ambaye hujamtazama. Moyoni nilikuwa na langu. Maposeni si mbali. Wanafunzi wakiiva, nitamleta mama, nimkalishe kiti cha mbele, na nitapanda jukwaani mwenyewe. Safari hii hatakuwa na pa kukimbilia.

Tulikuwa bado kwenye mazoezi alipougua. Hakuumwa hata wiki, akaenda.

Siku ya maziko alifika mtani wa ukoo wetu, mzee wa Madaba ambaye alikuwa hapiti Maposeni bila kuingia kwa mama. Kwetu mtani ana ruhusa yake msibani: anavaa nguo za marehemu, anamwigiza, ili waliofiwa wacheke kidogo wapumue. Akajifunga kitenge cha mama, akapinda mgongo. Akaomba ndoo, akaifunika kitambaa. Hiyo ndiyo ikawa televisheni.

Alichungulia huku na huku kama kuna mtu. Akajifanya anafunga mlango. Akakunja kitambaa taratibu, akaketi kwenye kigoda, akatulia. Mara akainuka na mwiko, anaifokea ndoo:

"We mwanaume, mwache mwanangu! Umemzaa wewe?"

Uwanja mzima ukaangua kicheko. Ilikuwa tamthilia yangu, ile niliyoigiza mke anayepigwa na mumewe. Majirani walijua siku zote, wengine walikuwa wakimchungulia dirishani na kucheka kimyakimya. Asiyejua nilikuwa mimi peke yangu.

Mwisho mtani akapiga magoti. Akashika pindo la kitenge, akaifuta ile ndoo polepole, pale ambapo ungekuwa uso wangu, kama unavyomfuta mtoto machozi. Watu wakaacha kucheka. Mimi nililia mpaka wakanishikilia, na wala sikujali nani ananitazama.

Baada ya arobaini nilimfuata Madaba. Nilimwamkia, nikamwomba anifanyie tena, mara moja tu, nitazame vizuri. Yule mzee hunitania hata salamu haijaisha. Siku hiyo hakutania.

"Ile ilikuwa ya kumsindikiza, binti yangu," alisema. "Ameshakwenda."

Nikamwambia ana roho mbaya. Nilimwambia hivyo hivyo, nyumbani kwake, mbele ya mkewe. Aliniletea maji ya kunywa.

Sasa Jumapili naenda Maposeni. Nafagia, nafungua madirisha, halafu nayafunga tena. Najifunga kitenge cha mama, nakunja kitambaa, naketi kwenye kigoda chake. Nimeigiza mama za watu chungu nzima, nikapigiwa makofi. Huyu wangu ananishinda. Napiga magoti, nashika pindo, napeleka mkono kwenye kioo cha televisheni. Mkono unaokwenda ni wa yule mzee wa Madaba. Wa mama sikuwahi kuuona.