Satini Moja kwa Watoto Wanne

Kwetu Bukiriro, wilayani Ngara, zawadi ya Krismasi ni nguo. Mengine yote ni porojo. Ukimpa mtoto mpira au biskuti atakushukuru kwa mikono miwili, kama alivyofundishwa, kisha atachungulia nyuma yako kuona nguo umeiweka wapi. Na nguo yenyewe hata si ya kumpendezesha yeye. Ni ya kukijulisha kijiji, asubuhi ile mnapoingia kanisani kwa msururu, kwamba kwenu mwaka ulikwenda vizuri.

Hayo nayajua sana kwa sababu kazi yangu ni kushona. Shule iliniacha kidato cha pili, au mimi niliiacha, tuliachana bila ugomvi, na sasa nina mwaka wa nne mjini Biharamulo kwenye kibaraza cha mama mmoja fundi. Alinipa cherehani yake ya pili na ruhusa ya kuota ndoto mchana kweupe mradi miguu iendelee kukanyaga. Naota sana. Naota duka langu lenye kioo mbele na zile sanamu mbili zisizo na vichwa, zimevaa kazi ya mikono yangu.

Pamoja na ufundi huo wote, mimi ni shangazi mbovu kabisa wa zawadi. Kaka yangu ana watoto wanne, na kila mmoja ana umri wake wa kunisumbua. Wa mwisho, wa miaka mitatu, huweka kila kitu mdomoni. Wa pili kutoka chini ana saba, na kazi yake ni kulinganisha: kipi kirefu, kipi kinang'aa zaidi, kwa nini huyu na si mimi. Kaka yao wa miaka kumi hufungua vitu aone ndani kuna nini. Halafu yuko binti mkubwa.

Mwaka juzi nilimnunulia mdogo viatu vinavyolia. Vililia pii, pii, mahubiri mazima, na padri akawa anatabasamu kwa meno tu. Wa kumi nilimpa saa; kabla ya chakula cha mchana ilikuwa vipande kumi na saba juu ya mkeka, na alikuwa ameridhika kabisa. Binti mkubwa nilimpa kidoli chenye nywele za njano. Alikipokea, akapiga goti kidogo, akasema, "Asante shangazi," kwa sauti ya mtu aliyetoka kuchomwa sindano. Jioni nilikiona kidoli mikononi mwa mdogo, hakina kichwa. Sikuuliza kichwa kimekwenda wapi. Tabia ya yule mdogo nimekwisha kuisema.

Basi mwaka jana nikaapa nitafanya kitu kimoja, sawa kwa wote, nimalize ubishi. Nitawashonea sare. Kwetu familia nyingi hufanya hivyo: mnanunua jora moja, fundi anakata kuanzia baba hadi mtoto mchanga, mnatoka kanisani kama timu. Nikiwa bado natafuta kitambaa, simu ikaita. Ilikuwa namba ya wifi, lakini sauti ilikuwa ya binti mkubwa. Alinisalimu shikamoo, nikaitikia. Kisha akasema amechaguliwa kusoma somo la kwanza siku ya Krismasi. Hakuna mtoto wa rika lake aliyewahi kupewa. Katekista alikuwa amewajaribu saba, na yeye ndiye hakukwama.

"Kwa hiyo shangazi," akasema, "naomba mwaka huu nisivae kama wadogo."

Nikamwambia asijali, niachie mimi. Na nilimaanisha. Shida ni kwamba nilikuwa nimekwisha kuanza kuota: namwona amesimama mbele, ameng'aa, na watu wanaulizana nani kashona.

Siku mbili baadaye nikaiona satini ya rangi ya dhahabu kwenye duka la vitambaa. Inang'aa hadi unaona aibu kuiangalia. Mwenye duka alikuwa anaitoa kwa bei ya kutupa kwa sababu msimu wa harusi umeisha.

"Yalikuwa majora mawili, fundi," akaniambia. "Moja amechukua mama mmoja wa huko kwenu Ngara."

Mtu mwenye akili angeuliza mama gani, na la nini. Mimi nilijivuna tu kwamba watu wa kwetu wanajua kitu kizuri.

Mama fundi aliliangalia lile jora, akaitoa miwani, akaivaa tena. Akaniambia nisiwashone watoto wa watu kama navalisha viti vya ukumbini. Nikacheka. Nikafungua daftari la vipimo nilivyowachukua Krismasi ya mwaka juzi na kumwongezea kila mtoto vidole vinne, bila kujali umri. Wa miaka mitatu vinne, wa miaka kumi na tatu vinne. Haki sawa. Na ili kutimiza ahadi ya kumtofautisha mkubwa, gauni lake nililiwekea mikono iliyovimba na ua la satini mgongoni, kubwa kama kabichi.

Mimi mwenyewe nilikuwa na gauni langu. Hilo nililishona kwa miezi minane, kidogo kidogo, baada ya kazi za wateja. Bluu iliyoiva, halina ua, halina marinda, lina mstari mmoja tu uliotulia kutoka begani hadi chini ya goti, na mifuko miwili ndani ya mshono. Mifuko ile niliifumua mara tatu. Nilitaka Bukiriro nzima inione nalo, wajue kwamba cherehani si kazi ya mtu aliyeshindwa shule. Au basi, ya mtu aliyeshindwa shule lakini angalia gauni.

Asubuhi ya Krismasi nikagawa zawadi sebuleni kwa kaka. Wa saba alizunguka, akapima nguo yake na ya kaka yake na ya mdogo wake, hakuona tofauti ya kulalamikia, akakosa la kusema kwa mara ya kwanza katika maisha yake. Wa kumi alionekana kama mpiga tarumbeta wa harusi. Mdogo alianza kuinyonya kola. Binti mkubwa alichukua gauni lake, akapiga goti kidogo, akasema, "Asante shangazi."

Sindano ile ile.

Akaingia chumbani, hakutoka. Mwishowe wifi akaja kuniambia mtoto anasema tumbo linamuuma. "Na mimi ningekuwa yeye, wifi yangu," akaongeza, "lingeniuma." Wifi hana tabia ya kuzunguka maneno. Lakini katekista alikuwa anamsubiri, kwa hiyo alimtoa, akamfunga kanga juu ya lile gauni, kiunoni na mabegani, tukaenda. Niliona pindo lilivyomkomea juu ya magoti. Vidole vinne havikutosha. Yule mtoto alikuwa ameongezeka zaidi ya kiganja kizima na mimi sikuwa na habari.

Kanisani watu walikuwa wamejaa mpaka mlangoni. Tukajipenyeza, watoto wa dhahabu mbele, mimi na gauni langu la bluu na wazazi nyuma, na hapo nikaona jora la pili limekwenda wapi.

Altare ilikuwa satini ya dhahabu. Nguzo zilikuwa satini ya dhahabu. Pango la mtoto Yesu, satini ya dhahabu, na ng'ombe wa udongo ameinamia satini ya dhahabu. Mimbari ya masomo ilikuwa imevalishwa kuanzia juu hadi sakafuni, na mbele yake kamati ya mapambo ilikuwa imeweka ua. Kubwa kama kabichi.

Wa miaka kumi akanivuta mkono. "Shangazi," akasema taratibu, kwa heshima kabisa, "umeshonea na kanisa?"

Benchi la karibu likasikia. Kicheko cha kanisani ndicho kibaya kuliko vyote, kwa sababu hakiruhusiwi kutoka. Kinapita begani kwa watu kama upepo kwenye migomba. Mdogo aliniponyoka, akaenda hadi kwenye nguzo, akaikamata, akatutazama na kusema, "Yangu." Upepo ukawa tufani. Nilipogeuka kumtafuta binti mkubwa, sikumwona. Niliona kanga tu ikitoka kwa mlango wa pembeni.

Nilimkuta nyuma, kwenye mikaratusi, ameshika karatasi ya somo. Alikuwa halii. Afadhali angelia.

"Nikisimama pale," akasema, "nitaonekana kichwa peke yake."

Mungu anisamehe, nilicheka. Ilinitoka. Nilikiona kile kichwa juu ya mimbari, kinasoma maneno ya nabii, hakina mwili. Yeye hakucheka. Alisubiri nimalize, kama mtu mzima anavyomsubiri mtoto, kisha akaniambia kwamba wiki tatu amelisoma lile somo kwenye shamba la kahawa mpaka kila r imekaa kwa r na kila l kwa l, kwamba analijua hata bila karatasi, na kwamba sasa nikamwambie tu mwalimu katekista asome mwenyewe.

"Nilikuambia kwenye simu," akasema. "Ulisema nisijali."

Nilimwangalia vizuri kwa mara ya kwanza tangu nishuke kwenye basi. Macho yake yalikuwa usawa wa macho yangu. Mabega, usawa wa mabega yangu. Fundi mzima wa miaka minne, napima watu wa Biharamulo kwa kuwatazama tu wakivuka barabara, na huyu sikuwa nimempima.

"Vua," nikamwambia.

Tuliingia kwenye stoo ya kwaya, penye ngoma na mabenchi mabovu. Nilivua gauni la bluu. Nakiri mkono ulisita kwenye zipu. Niliiona Bukiriro yangu yote ikiondoka bila kuniona. Nikamvalisha. Halikuhitaji pini hata moja. Alitazama chini, akapitisha viganja ubavuni, akagundua mifuko, akaingiza mikono yote miwili na kuiacha humo.

"Lina mifuko," akasema.

"Najua lina mifuko. Nenda."

Mimi nikaingia kwenye lile la dhahabu. Zipu iligoma katikati ya mgongo, kabichi ikanikalia kiunoni, nikazungushia kanga ya wifi mpaka nikafanana na mzigo unaosubiri gari. Mlangoni nikakutana na katekista anayemtafuta msomaji wake. "Shikamoo mwalimu," nikasema, "ameshaingia." Aliitikia marahaba huku akiangalia miguu yangu, iliyokuwa wazi kuanzia magotini, na kama muungwana akaangalia juu, kwenye mawingu.

Nilisimama nyuma kabisa, kwenye kundi la wanaonyonyesha na wale waliokwisha kuipokea Krismasi tangu jana kwa pombe ya ndizi. Somo lilipofika, alipanda. Bluu juu ya dhahabu yote ile! Hapo nikaelewa kwa nini wanaokata vitambaa hawaweki rangi moja kila mahali. Alisoma polepole. Mkono mmoja ulifuata mistari, mwingine ulikuwa mfukoni, kama mtu anayesomea nyumbani kwake. Kwenye sentensi ndefu alipumua pale panapotakiwa kupumua. Hakuna aliyecheka, hata mlevi aliyeegemea bega langu aliniuliza kwa kunong'ona yule mwalimu mgeni katoka wapi. Nilimwambia ni mtoto wa kaka yangu. Akasema niache uongo siku ya Bwana.

Misa ilipoisha mama mmoja wa kamati ya mapambo alinifuata. "Tumsifu Yesu Kristo," akasema. "Milele amina," nikasema. Akainua pindo la kanga yangu kwa vidole viwili, akaitazama satini, akatazama kanisa, akaanza kuhesabu nguzo. Ilibidi wifi aje kunitetea, na hakuifanya kwa haraka.

Gauni la bluu nilimwambia mtoto atanirudishia jioni. Jioni akasema limeingia moshi, acha alifue. Kesho yake halijakauka. Siku ya tatu nilipanda gari kurudi Biharamulo na begi jepesi. Lile la dhahabu nilimpelekea mama fundi. Alilifumua, akapata vitambaa vya viti viwili na akabakiwa na kabichi, ambayo imetundikwa juu ya cherehani yangu mpaka leo.

Sasa Pasaka inakaribia. Juzi nimepiga simu, nikawauliza mmoja mmoja. Mdogo anataka ng'ombe. Wa saba anataka atakachopewa kaka yake, ila kikubwa zaidi. Wa kumi anaomba redio mbovu, na amesisitiza iwe mbovu. Binti mkubwa alichukua simu wa mwisho. Alisema hahitaji kitu, asante shangazi, lakini safari hii kulikuwa na kicheko mahali fulani ndani yake. Kisha akaongeza kwamba kama nikipata nafasi nimletee uzi wa bluu, mfuko wa kulia umeanza kuachia.