Aliyenishikia Kamba Sori

Ukitaka kucheka, cheka sasa umalize, halafu unisikize. Haya yalinipata mimi mwenyewe, mchana kweupe, jua la Sori likiwa utosini, na sikuwa nimekunywa kitu ila chai ya Mama. Sina haja ya kukudanganya. Kazi yangu ni kutoa maiti majini. Mtu wa kazi kama hiyo akianza kuogopa vivuli, si atalala njaa?

Kituo changu ni Mbita, lakini ziwa likimeza mtu popote, kuanzia Homa Bay hadi huku kwetu Sori, Nyatike, napigiwa simu. Watu wakiona ni mwanamke anayevaa mtungi wa hewa wanaanza maneno yao: "Yawa, kwani wanaume wameisha?" Huwa nawaambia wanaume wapo, waingie basi. Hakuna anayeingia. Maji yetu ukishuka kidogo tu ni giza, matope matupu, huoni hata mkono wako ukiuweka mbele ya uso. Nafanya kazi kwa kupapasa. Miaka yote hiyo, niamini, sikuwahi kuona samaki ndani ya maji. Niliwagusa tu.

Kinachoniweka hai ni kamba. Nafungwa kiunoni, na mwisho wa pili anashika Ouma, mwenzangu wa kazi, bonge la mtu mwenye sauti ndogo. Navuta mara moja kumwuliza, "Upo?" Naye anajibu kwa kuvuta mara moja, "Nipo." Akiuliza yeye, najibu mimi. Bila mshika kamba hakuna kuingia majini, na mimi ndiye huwa nawafokea vijana wanaosahau hilo.

Sasa kuna Achieng, rafiki yangu. Tulijifunza kuzamia pamoja kule pwani, bandarini kwenye maji ya giza kama ya kwetu, ila yeye hakurudi ziwani. Alipata kazi kwenye boti inayozungusha wazamiaji katika visiwa vidogo vya bahari ya Pasifiki, mbali sana, visiwa ambavyo ukiviangalia kwenye ramani unadhani nzi wamechafua karatasi. Kila mwaka ananiita. Kila mwaka namwambia mwaka ujao.

Safari hii alipata kitanda kitupu kwenye boti, na tukaanza kupanga kweli kweli, jioni baada ya jioni kwenye simu. Ndege gani, tuanzie kisiwa gani, nibebe nini na nini nitakikuta huko. Akanieleza kwamba siku za mwisho ni za kukaa nchi kavu, kwa sababu mwili uliotoka kilindini haupandishwi ndege haraka. Akanionya pia kwamba hospitali inayoweza kutibu mzamiaji iko mbali na visiwa vile, kwa hivyo huko mtu hajifanyi shujaa. Yote hayo nikayaandika. Lakini la moyoni lilikuwa moja tu.

"Maji yakoje?" nikamwuliza.

"Nyar Sori," akaniita, yaani binti wa Sori, "ukiwa chini kabisa unaona boti iko juu. Unaona hadi watu waliokaa kwenye boti wakikuchungulia."

Nililia, haki ya Mungu. Nikajifanya mtandao umepotea nikakata simu.

Basi kwa nini miaka yote sikwenda? Ni kwa sababu ya Okoth.

Okoth ni ndugu yangu wa kunifuata. Aliingia ziwani na wavuvi akiwa bado kijana wa shule, upepo ukapindua boti yao karibu na miamba ya Sori. Wenzake wakapatikana. Yeye hakupatikana. Tulingoja, tukangoja, kisha wazee wakafanya kama inavyofanywa kwetu mwili ukikosekana. Walichuma tunda la yago, lile refu, zito kama mtoto, wakalilaza kaburini hapa nyumbani mahali pa Okoth, tukalilia, wakalifukia. Kwa wengine mambo yaliishia hapo.

Kwa Mama hayakuisha. Kaburi lile hakuwahi kuliita la Okoth. "Pale pa yago," ndivyo alivyosema siku zote. Alifagia, aling'oa magugu, lakini jina la mtoto wake halikuwekwa pale. Na mimi ndiyo maana nikajifunza kuzamia. Sikuwa natafuta kazi, nilikuwa natafuta mtu wangu. Kila nikipata mapumziko nilishuka pale miambani nikapapasa. Ningewezaje kwenda kustarehe katika maji ya watu, na Okoth yuko kwenye matope ya kwetu?

Mama naye alikuwa ameshasema lake. "Maji yana mmoja wangu. Hutayapelekea wa pili, tena maji nisiyoyajua." Na mimi bila baraka ya Mama sitoki hata nje ya lango.

Jumamosi hiyo Achieng alitaka jibu kabla ya jioni, la sivyo kitanda apewe mwingine. Nilikuwa nyumbani Sori. Nikajiwekea sharti: nashuka mara ya mwisho. Nikimpata Okoth, tunamzika, Mama anatulia, nami naenda. Nisipompata, Pasifiki inisahau kabisa.

Nikampigia Ouma. Ouma ni Msabato. Jumamosi hata umwambie ziwa linaungua, atakwambia ngoja jua lizame. Hakushika simu. Hasira ikanipanda, na mimi nikikasirika sisikii la mtu. Nikajitwika mtungi wangu hadi miambani, nikijiambia nitajifunga kwenye jiwe, liwalo na liwe.

Ufuo ulikuwa kimya, nusu ya watu wako kanisani, omena imeanikwa bila mtu wa kuifukuzia ndege. Pale miambani nikamkuta mwanamume amekaa kwenye jiwe, miguu ameitumbukiza majini. Umri wake kama wangu, pungufu kidogo. Ndevu kiasi. Shati la mistari. Sikumtazama sana, nilikuwa na haraka zangu.

"Unatafuta mshika kamba," akasema. Hakuuliza, alisema.

"Umewahi kushika?"

"Zamani."

"Nikivuta mara moja?"

"Unauliza kama nipo."

Wewe usingeridhika? Nikampa mwisho wa kamba, nikamwambia, "Na usinilalie hapo, omera." Akacheka kwa chini chini. Nikaingia.

Chini ilikuwa giza kama kawaida. Mawe, nyavu kuukuu, konokono. Nikavuta mara moja, akajibu. Nikasogea, nikapapasa, nikavuta tena. Akajibu tena, lakini hapo nywele zikanisimama. Kamba iliyotoka kiunoni mwangu haikurudi nyuma, kule nchi kavu nilikomwacha. Ilikwenda mbele. Niliifuata kwa mikono, imekazwa vizuri, inaelekea kilindini, kana kwamba yule bwana amehama na jiwe lake amekwenda kukaa huko ndani.

Ningetaka kukwambia sikuogopa. Niliogopa hadi meno yakauma kwenye mpira wa kupumulia. Lakini kukurupuka kwenda juu ndiko kunakoua wazamiaji, kwa hivyo nikatulia, nikapumua polepole nilivyofundishwa, nikamwomba Mungu kwa Kiswahili na kwa Kijaluo, asije akasema hakunielewa.

Ndipo maji yakaanza kufunguka. Sijui nikueleze vipi. Matope yalishuka, yakalala chini, na nikauona mkono wangu. Mkono wangu mwenyewe, ndani ya ziwa letu! Nikaona samaki, ngege, wamesimama kundi zima wananikodolea macho, mgeni ni mimi. Nikaona mwanga wa jua umepenya hadi chini, nikaona sakafu yote, mwamba hadi mwamba, kila mahali nilipopapasa miaka yote hiyo.

Hapakuwa na mtu. Hapakuwa na mfupa wala kipande cha nguo. Nilizunguka nikatazama tena, unajua mtu anayetafuta huwa haamini macho yake. Okoth hakuwa pale.

Halafu kamba ikavutwa mara tatu, haraka haraka.

Hapa lazima nikwambie kitu. Tulipokuwa watoto, Mama aliogopa ziwa, kwa hivyo akatupa kamba ya katani. Mmoja akiingia kuoga, mwingine anabaki ufuoni ameshika. Ishara ya kuvuta mara moja niliitoa huko nikaileta kazini, ndiyo ile ya "upo" na "nipo". Lakini mara tatu za haraka sikuwahi kumfundisha mtu. Ouma haijui. Achieng haijui. Ilikuwa yetu sisi wawili, mimi na Okoth, na maana yake ni hii: Mama amepakua chakula, toka tukale.

Nilipanda juu polepole, nalia ndani ya miwani. Nilipotoa kichwa, jiwe lilikuwa tupu. Kamba ilikuwa imefungwa kwenye ncha ya mwamba kwa fundo lile la kufungia mbuzi, na pale alipokuwa amekaa pamekauka, pana joto la jua. Ndipo akili ikanirudia. Okoth alituacha hana hata unywele kidevuni. Huyu alikuwa na umri ule hasa ambao Okoth angekuwa nao leo. Kumbe huko aliko ameendelea kukua! Nikamwita kwa jina, kwa sauti, sikujali nani ananisikia.

Nilifika nyumbani nimelowa. Mama alikuwa ameshapakua, ugali na omena, ameketi anafukuza nzi.

"Njoo ule, kinapoa," akasema. Kabla sijafungua mdomo akaendelea. "Kuna bwana amepita hapa, ameomba maji. Akasimama pale kaburini, akaniuliza nani amelala. Nikamwambia ni mwanangu."

"Ulimwambia nani?"

"Mwanangu. Okoth." Akamfukuza nzi mwingine. "Akasema, amelala vizuri, Mama. Akanywa maji yakaisha. Halafu badala ya kunirudishia kikombe, akaenda kukitundika kwenye kijiti cha ua. Nikataka kumgombeza."

Nilitazama uani. Kikombe kilikuwa kimening'inia pale. Hakuna anayetundika kikombe pale nyumbani kwetu. Aliyekuwa na tabia hiyo ni mmoja tu, na aligombezwa kwa ajili hiyo maisha yake yote.

"Alikuwa na ndevu?" nikauliza.

"Alikuwa nazo," Mama akasema. Alikuwa analia na anatabasamu. "Zinampendeza."

Tukala. Wallahi tulikula, tukamaliza sufuria. Aliponawa mikono akaniambia, "Mpigie huyo Achieng, mwambie unakwenda. Ukirudi unieleze samaki wa huko wana rangi gani."

Tangu siku hiyo kaburi lile ni la Okoth, na Mama huliita hivyo mbele ya mtu yeyote. Kikombe hatujakitoa uani. Mimi sijashuka tena miambani kutafuta, nashuka nikiitwa kazini tu, na maji ni ya giza vilevile. Lakini kila nikimaliza kazi na kuanza kupanda, kamba huvutwa mara moja ya ziada. Ouma anaapa kwa Biblia yake kwamba si yeye. Simbishii. Mimi hujibu tu.

Nawe unayesoma, kama kuna kaburi lenye yago nyumbani kwenu, au una mtu uliyemkosa ukaacha maisha yako yakikungoja mlangoni, sikia. Usizamie peke yako kwa hasira, mimi niliponea tu. Na mtu usiyemjua akikuomba kamba ya maisha yako, au hata kikombe cha maji, mtazame usoni vizuri kabla hajaondoka. Mimi nilikuwa naye mbele yangu, nikamwambia asilale.

Mkoba uko tayari, Mama ameukalia mara mbili ili zipu ifunge. Naondoka wiki ijayo. Achieng alipoona picha ya mizigo yangu alicheka sana. Ananiambia huko maji ni meupe, mwenzako unamwona umbali mrefu, kamba haina kazi yoyote.

Najua. Nimeipakia. Nikifika chini nitavuta mara moja.