Nafasi Katika Mstari

Mwanangu anang'arisha viatu vyake vya gwaride kwenye gereji yetu huku ughaibuni, mjini Grand Prairie, na harufu ya polishi imeingia mpaka jikoni. Wiki ijayo anaenda jeshini.

Babu yangu alipigana Burma katika Vita Vikuu vya Pili akiwa askari wa Keya, jeshi la Waafrika chini ya Mwingereza. Kila Jumapili, akishapaka buti zake kuukuu polishi, alitupanga wajukuu uani.

"Hii ni seksheni," alisema. "Mkubwa wenu ni koplo. Seksheni zikiungana ni platuni, na afisa wake ni Mzungu."

Koplo nilikuwa mimi. Kati yangu na dada yangu aliacha nafasi ya mtu mmoja. Tukisogeleana, alitutenganisha polepole kwa fimbo yake.

"Hapo pana mtu."

Jumapili moja, kwa utundu tu, nilisimama pale penye nafasi. Babu alinitazama, akaniwekea mkono begani, akaniuliza kitu kwa Kinyanja, lugha ya askari wenzake wa Nyasaland, ambayo hatukuwahi kumsikia akiisema. Sauti yake ilikuwa ya kijana. Akangoja jibu mpaka nyanya alipokuja kumwondoa.

Sasa mke wangu ametuita nje atupige picha. Mwanangu amenyooka, viatu vinameta.

"Baba, songa karibu na mtoto," mke wangu ananiambia, macho kwenye simu. "Mbona umeacha nafasi?"

Nasikia uzito wa mkono begani. Sisongi.